Kutoomba uhamisho si kuipenda kazi

"Walimu wangu wana moyo. Hakuna hata mmoja aliyeomba uhamisho." Kazi yangu ni kuwanoa wakuu wa shule, na kauli hii nimeichoka.

Tangu mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen walishatenganisha mambo: kuna anayebaki kazini kwa sababu anataka, anayebaki kwa sababu kuondoka kutamgharimu, na anayebaki kwa sababu anaona ana deni la kulipa. Wote watatu wanasaini kitabu cha mahudhurio asubuhi ileile. Ila yule wa pili, andalio lake la somo ni la mwaka jana, kilichobadilika ni tarehe tu. Ukihesabu barua za uhamisho, humwoni.

Mshahara una nafasi yake, sibishi, lakini si mkuu anayeupanga. Anachokipanga mkuu ni nini hutokea mwalimu akifungua mdomo.

Hapo ndipo naambiwa, "Mimi nawasiliana sana, nina kundi la WhatsApp na vikao kila wiki." Ndugu yangu, hayo ni matangazo. Nikifika shuleni naomba kitabu cha kumbukumbu za vikao, na sisomi hotuba ya ufunguzi. Natazama "mengineyo", kisha nageukia "yatokanayo" ya kikao kinachofuata. Mwalimu ameuliza kwa nini vipindi vyake vyote viwili vya Kemia viko mwisho wa siku, wanafunzi wakiwa wanasinzia. Kikao kinachofuata, kimya. Anauliza tena, anajibiwa "limepokelewa". Vikao viwili mbele imeandikwa: "Hapakuwa na mengineyo." Mkuu anaona shule imetulia. Mwaka 2000 watafiti Morrison na Milliken walieleza ukimya wa aina hii: watu hunyamaza wanapoamini kuwa kusema hakusaidii kitu, au kutawaponza.

Na sisemi kila ombi likubaliwe. Maabara ikiwa moja na madarasa ni manne, lazima mtu aumie. Mwambie hivyo, mwoneshe ratiba, mwambie muhula ujao zamu itageuka. Watafiti wa haki kazini, tangu Bies na Moag mwaka 1986, wamesisitiza kwamba watu hawapimi uamuzi peke yake, wanapima pia kama walielezwa kwa ukweli na kwa heshima. "Hapana" yenye sababu inamezeka. "Nitaliangalia" ya mwaka mzima haimezeki.

Kuhusu uongozi wa mageuzi, ule wa wanazuoni Burns na Bass unaotaka kiongozi awainue watu kwa maono na kwa kumjali kila mmoja, wakuu wengi wamechukua hotuba za maono na kuliacha lile la kumjali mwalimu mmoja mmoja. Labda kwa sababu halipigiwi makofi.

Sasa mashaka yangu. Tafiti nyingi tunazozinukuu ni dodoso la siku moja: mwalimu yuleyule anampima mkuu, kisha anajipima ari yake. Inawezekana mwenye ari ndiye anayemwona bosi wake mzuri, wala si kinyume chake. Tena nimeona shule ambazo mkuu msikivu alipohamishwa, ari iliondoka naye ndani ya muhula. Kama walimu walikuwa wamefungamana na shule au na yeye tu, dodoso lile halioneshi, maana linajazwa yeye akiwa bado ofisini.