Siku Ikifika Imefika? Dhana Potofu Kuhusu Majaliwa, Bahati na Hiari

Katika vijiwe vya bodaboda vya Moshi, kuanzia karibu na stendi kuu hadi barabara inayopanda kwenda Kibosho, kofia ngumu mara nyingi huning'inizwa kwenye kioo cha pikipiki badala ya kuvaliwa kichwani. Ukimuuliza kijana sababu, atakujibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulimaliza suala hilo: siku ikifika imefika. Jibu hilohilo nimelisikia msibani mara nyingi, na kila nikilisikia naona limefunga mambo matatu katika kifurushi kimoja: kwamba siku ya kufa imeandikwa, kwamba hakuna tunaloweza kufanya, na kwamba aliyezembea hana la kujibu. La kwanza ni la imani, na silipingi. Mawili yanayofuata hayatokani nalo, na ndiyo yanayotuzikisha vijana.

Dhana potofu: Ajali haina kinga, kwa kuwa imepangwa.

Neno lenyewe limechangia mkanganyiko huu. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, hususan ukomo wa uhai wa mtu. Kiswahili kililipokea neno hilo, na leo tunalitumia kwa pikipiki iliyogonga lori, kiasi kwamba tusemapo "amepata ajali" tunaitaja breki mbovu na amri ya Mwenyezi Mungu kwa neno moja.

Ukweli ni kwamba kinga ipo, na imepimwa. Tathmini iliyojumuisha tafiti nyingi, iliyochapishwa mwaka 2008, ilionyesha kwamba miongoni mwa wapanda pikipiki waliopata ajali, kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kama kifo kingekuja kwa siku yake bila kujali mtu amevaa nini, waliovaa na wasiovaa wangekufa kwa kiwango kilekile, lakini sivyo ilivyo. Wakati huohuo asilimia 42 si mia moja: wapo waliovaa wakafa, na wapo wasiovaa wakanyanyuka wakajipangusa vumbi, na hapo ndipo bahati inapofanya kazi yake. Ni haki pia kuongeza kwamba uamuzi huu si wa dereva peke yake, kwa sababu abiria wengi huikataa kofia iliyokwisha kuvaliwa na watu kumi tangu asubuhi, na sioni namna ya kuwalaumu wakati hakuna aliyewapa kofia safi.

Dhana potofu: Mwenye imani hukaa akisubiri lililoandikwa.

Hapa ndipo nadhani tunazidhulumu dini zetu. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham (eneo la Syria na jirani zake) alipopata habari kwamba tauni imeingia huko, naye akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mwenye heshima kubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu, kisha akatoa mfano wa mchungaji wa ngamia aliyeshuka bondeni lenye upande wenye majani na upande mkavu: akichungia upande wowote, atakuwa amechunga kwa kadari. Kwa maneno mengine, kuchagua majani ni sehemu ya kilichoandikwa, wala si uasi dhidi yake.

Kwa Walutheri, ambao ni wengi mno kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893, mfano wa karibu ni Martin Luther mwenyewe. Mwaka 1525, akimjibu mwanazuoni Erasmus aliyetetea hiari, alishikilia kwamba utashi wa binadamu umefungwa na hauwezi kujipatia wokovu. Mtu akiishia hapo atadhani Luther alifundisha kukunja mikono. Hata hivyo, katika hoja hiyohiyo alikubali kwamba katika mambo yaliyo chini ya binadamu, kama vile mali na nyumba yake, binadamu ana uchaguzi. Na tauni ilipofika Wittenberg mwaka 1527, aliwaandikia Wakristo kwamba anayedharau dawa na kujipeleka ovyo penye ugonjwa anamjaribu Mungu. Umar na Luther, waliotengwa na karne 9, waliulizwa swali moja kuhusu ugonjwa mmoja, na hakuna kati yao aliyejibu kwamba siku ikifika imefika.

Dhana potofu: Nyota ya mtu huamua maisha yake.

Kwa hesabu ya jadi ya pwani, nyota hupatikana kwa kujumlisha thamani ya herufi za jina la mtu na la mama yake. Basi kila Juma mwana wa Asha ana nyota moja na wenzake wote wa jina hilo, walio tajiri na walio fukara, na hilo peke yake linatosha.

Dhana potofu: Bahati mbaya ikishatoka, zamu inayofuata ni ya bahati njema.

Dhana hii huwaliza wanaobeti, lakini ninaihofia zaidi inapoingia katika uzazi. Baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto mgonjwa, nusu wa mtoto mbebaji, na robo moja wa mtoto asiye nayo kabisa. Wazazi wengi huielewa robo hiyo kama foleni: wa kwanza ameugua, basi watatu wajao wamesalimika. Mimba ya pili haina kumbukumbu ya ile ya kwanza. Katika familia 100 za namna hiyo zenye watoto wanne wanne, takriban 32 hutarajiwa kutokuwa na mgonjwa hata mmoja, ilhali nyingine hupata wawili au watatu, bila yeyote kati yao kutenda jema au baya la kustahili hivyo. Chembe hiyo imeenea Afrika kwa sababu anayeibeba kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Laana ya ukoo haimo. Kilichomo mikononi mwa watu ni kupima damu kabla ya ndoa na kumpima mtoto mapema ili aanze matibabu.

Dhana potofu: Sayansi imethibitisha kwamba hiari haipo.

Hoja hii hutegemea jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la mwaka 1983, ambapo ubongo ulionyesha dalili za maandalizi takriban nusu sekunde kabla ya mtu kusogeza mkono, ilhali mwenyewe aliitambua nia yake takriban sehemu 2 za kumi za sekunde kabla. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba dalili hizo zinaweza kuelezwa kama mpandoshuko wa kawaida wa ubongo, na si uamuzi uliokwisha kufanyika. Zaidi ya hayo, kusogeza mkono bila sababu ni mbali sana na kuamua kuoa au kuuza shamba.

Dhana potofu: Kila mtu amejitengenezea hali yake.

Hii ni dhana ya waliofanikiwa, na inaumiza kama ile ya kwanza. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni katika jimbo la Paraná, Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno mwaka 1976 na 1977. Chukua majirani wawili wa Marangu: mmoja aling'oa mibuni yake mwaka 1974 kwa sababu bei haikumlipa, mwingine akaiacha kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuing'oa. Aliyefikiri na kuchukua hatua ndiye aliyekosa, na aliyeshindwa kuchukua hatua ndiye aliyevuna. Miaka 2 baadaye, mtu akipita barabarani na kuona bati jipya kwa mmoja na nyasi kwa mwenzake, angesema huyu ana juhudi na yule ni mzembe, kumbe tofauti yao ilianguka usiku mmoja katika nchi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona.