Wiki ya gemu haijijazi yenyewe: yanayosemwa na ukweli wake kuhusu wahariri wa kujitolea

Pita Sinza, Mbagala au Tandale jioni yoyote, hukosi kukuta kibanda cha gemu: televisheni mbili tatu, pedi mikononi, vijana wamebanana kwenye benchi wakisubiri zamu. Humo ndani kuna ujuzi mwingi ambao haujaandikwa popote kwa Kiswahili: silaha gani imepunguzwa nguvu kwenye toleo jipya, mchezaji gani anafaa winga ingawa kadi yake inasema kiungo, mlango gani haufunguki mpaka urudi nyuma ukachukue ufunguo. Wiki ya gemu, yaani tovuti ambayo kurasa zake huandikwa na kusahihishwa na wasomaji wenyewe, ipo kwa ajili ya ujuzi wa namna hiyo. Lakini kila ninapokaa na watu wanaotaka kuanzisha au kufufua wiki ya Kiswahili, nasikia yale yale yakirudiwa kuhusu namna ya kuwaongoza wahariri wa kujitolea. Mengi si kweli, na yanaiua wiki ikiwa bado changa.

"Ukiifungua kwa kila mtu, itajaa"

Haijai. Mtengeneza programu Ward Cunningham aliweka wiki ya kwanza kwenye intaneti mwaka 1995, Wikipedia ikaja 2001, na tangu hapo mwenendo haujabadilika: wasomaji ni wengi mno, wanaoandika ni wachache. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliutolea kipimo ambacho bado kinatajwa: katika watu 100 wa jamii ya mtandaoni, takribani 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya kazi. Nielsen huyo huyo alieleza kwamba kwenye Wikipedia pengo ni kubwa zaidi ya hapo.

Mwandaaji akilijua hilo mapema, haoni kama watu wamemsusa. Anabadilisha namna ya kuomba. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp "Jamani karibuni tuchangie wiki yetu", utapata vidole gumba kisha kimya. Mwandikie mtu mmoja: "Kaka, wewe huyu kipa unamjua vizuri. Ukurasa wake hauna kitu kuhusu udhaifu wake kwenye kona. Unaweza kuongeza sentensi mbili leo?" Sentensi mbili utazipata. Kazi iwe ndogo, iwe na mwisho unaoonekana, na ipelekwe kwa mtu anayejulikana kuwa anaiweza. Orodha ya kazi kama hizo ndiyo kitu cha kwanza ninachomwomba mtu aandae, kabla hata ya kufikiria nembo ya wiki.

"Wanaohariri sana ndio wanaoiandika"

Mwaka huo huo wa 2006, mtengeneza programu Aaron Swartz, akiwa anagombea nafasi kwenye bodi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, alichukua kurasa chache za Wikipedia ya Kiingereza na kupima jambo hili. Hakuhesabu idadi ya uhariri. Alihesabu herufi zilizobaki kwenye ukurasa na kuangalia nani aliziandika. Wenye uhariri mwingi walikuwa wanapanga, wanasahihisha, wanahamisha. Maandishi yenyewe kwa sehemu kubwa yalitoka kwa watu wa nje, ambao wengi wao walikuwa wamehariri mara chache tu.

Kwenye gemu naliona hili wazi kabisa. Fundi wa pedi aliyeko Kariakoo anajua kwa nini kijiti cha kushoto huanza kusogea chenyewe, na anaweza kuliandika hilo kwa aya moja isiyo na mfano. Pengine hatahariri tena maisha yake yote, na aya yake itabaki kuwa bora kuliko zote kwenye ukurasa ule. Wazoefu wana kazi nyingine, nayo ni ya heshima: kuipokea aya ile, kuiwekea kichwa cha habari, kuiunganisha na kurasa zinazohusika, na kumshukuru mzee huyo.

"Mgeni akiharibu, tengua tu, atajifunza"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Chukua kisa ambacho kinaweza kutokea siku yoyote. Kijana yuko kibandani na simu yake, anaona ukurasa wa gari fulani la gemu ya mbio bado una kasi ya toleo la zamani. Anabonyeza alama ya kalamu, anafuta namba, anaweka mpya. Bila kujua amefuta pia mabano mawili yanayofunga kigezo, yaani maandishi ya ndani yanayochora jedwali. Akihifadhi, jedwali lote linamwagika kwenye ukurasa na maandishi ya ndani yanaonekana hovyo. Mhariri mzoefu analiona kwenye Mabadiliko ya karibuni, orodha ya uhariri wote mpya, anabonyeza "tengua", ukurasa unarudi ulivyokuwa, naye anaendelea na shughuli zake. Namba sahihi imeondoka pamoja na kosa. Kijana akirudi anakuta kazi yake haipo na hakuna aliyemwambia neno. Huyo umempoteza, na pengine na rafiki zake waliokuwa wanamtazama.

Wikipedia ya Kiingereza imelipia jambo hili. Idadi ya wahariri wake hai ilifika kileleni mwaka 2007 kisha ikaanza kushuka. Utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa namna wageni wenye nia njema walivyokuwa wakikataliwa, mara nyingi kwa msaada wa zana za kutengua haraka, pamoja na kanuni zilizokuwa zimekuwa ngumu kubadilishwa. Mfumo uliojengwa kuzuia waharibifu ukawa unawafukuza wasaidizi.

Kwa yule kijana, kazi ilikuwa kurudisha mabano na kuiacha namba, kisha kwenda kwenye ukurasa wake wa majadiliano, ambako wahariri huandikiana: "Asante sana mdogo wangu kwa kasi mpya ya hili gari, tulikuwa hatuna. Nimerudisha mabano mawili yaliyofutika, hayo ndiyo yanayoshika jedwali. Gari linalofuata nalo lina namba ya zamani. Ukipata nafasi litazame." Ujumbe huo unataja alichofanya vizuri kwa jina lake, unamwonyesha kosa bila kumwaibisha, na unampa pa kuendelea. Dakika tatu za mwandikaji. Mwenye kuweka matusi au tangazo la mkopo ni habari nyingine: tengua, usimhubirie.

Hapa Dar kuna jambo la ziada ambalo miongozo ya nje hailipi uzito. Wengi wetu tunaingia kwa simu, kwa bando, na mitandao ya simu huwapa watu wengi anwani moja ya IP kwa zamu, namba ambayo wiki humtambua nayo mtu asiye na akaunti. Ujumbe ulioachwa kwenye anwani hiyo huenda asiuone aliyekusudiwa. Na ukiifungia anwani hiyo kwa sababu ya mharibifu mmoja, unaweza kuwa umewafungia watu wa mitaa mitatu ambao hawana kosa. Ndiyo maana ninasisitiza mgeni afunguliwe akaunti siku ile ile, akiwa bado ameketi na wewe, na kifungo cha anwani kiwe cha saa chache.

"Mkabidhi ndiye bosi"

Mkabidhi, kama anavyoitwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ana vifaa ambavyo wengine hawana: kufuta ukurasa, kuulinda usihaririwe, kumfungia mtumiaji. Basi. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia na wiki nyingi za gemu, haimpi neno la mwisho kuhusu kilicho kweli ndani ya ukurasa. Kutengua mtu yeyote anaweza, hata aliyejiandikisha leo.

Hatari kubwa kwenye wiki ndogo ni funguo zote kuwa kwa mtu mmoja. Akipata kazi Dodoma, akiuguliwa, akichoka, wiki inabaki wazi kwa matangazo na hakuna wa kuyafuta. Wakabidhi watatu wanaoelewana wanatosha kwa kuanzia, na mmoja wao awe mtu asiyecheza gemu ile ile kama wenzake.

"Tukibishana, tupige kura"

Kura haibadilishi umbali ambao risasi inafika. Wiki ya gemu ina bahati ambayo Wikipedia haina: Wikipedia hairuhusu utafiti wa mhariri mwenyewe, wakati kwenye gemu unaweza kuwasha, ukajaribu mara kadhaa, ukaandika ulichokiona pamoja na namba ya toleo ulilolitumia. Namba ya toleo ndiyo inayomaliza ugomvi mwingi, kwa sababu mara nyingi wabishani wote wawili wako sahihi, ila mmoja hajasasisha gemu kwa kuwa bando halikutosha. Wakiendelea kutenguana, ukurasa wa majadiliano upo. Wikipedia ya Kiingereza imeweka mpaka: mtu asitengue zaidi ya mara 3 kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Ni mpaka mzuri wa kuazima.

"Kutafsiri kutoka wiki ya Kiingereza ni ruhusa, si vitu vya bure?"

Ni ruhusa yenye masharti, na masharti yanatofautiana. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni ya Creative Commons inayoitwa CC BY-SA: tafsiri utakavyo, lakini taja ulikotoa na uiache kazi yako chini ya leseni ile ile. Njia rahisi ni kuweka kiungo cha ukurasa wa asili kwenye muhtasari wa uhariri unapohifadhi. Wiki kubwa za gemu nyingine, kama ile ya Minecraft na ile ya RuneScape, zina leseni yenye kipengele cha kukataza matumizi ya kibiashara. Maandishi ya namna hiyo hayawezi kuingizwa kwenye Wikipedia hata ukitaja chanzo. Picha za gemu, nembo na sura za wahusika ni mali ya kampuni zilizotengeneza. Leseni ya wiki haizigusi.

Mwambie mhariri mpya hili mwanzoni kabisa. Kijana aliyetafsiri kurasa nyingi kwa mapenzi yake, kisha akaambiwa zote zinafutwa, hana sababu ya kukuamini tena.

"Zawadi zitaleta wahariri"

Zitaleta kurasa. Mwaka 2009 Google ilidhamini shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, zawadi zikiwemo, na makala zilikuja. Mwandaaji anapopanga shindano lake ajiulize nani atakuwa bado yupo miezi sita baadaye, akifuatilia makala hizo na kuzisahihisha. Ukilipa kwa idadi ya kurasa, utapata kurasa za sentensi mbili, na wahariri wachache wenye moyo watakesha kuzifuta.

Lakini upande wa pili nao unakosewa. Watu husema: kazi ya kujitolea haina gharama. Ina gharama, na kwa sasa anayeilipa ni kijana mwenyewe, kwa bando lake na umeme wa kwao. Kumwekea mhariri bando siku ya kuhariri pamoja, kumlipia nauli ya daladala kutoka Gongo la Mboto hadi Kijitonyama, kumpa soda na chapati, huko si kumnunua. Ni kumwondolea mzigo ambao mwenzake wa nchi tajiri hana habari nao. Hii naitetea mbele ya mfadhili yeyote.

"Wiki ni ya mwenye seva"

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi wiki, na jina la tovuti ni vyake. Maandishi ni ya walioyaandika, chini ya leseni waliyokubali, na kwa hiyo jamii inaweza kuhama nayo. Wahariri wa wiki ya RuneScape waliondoka Fandom, kampuni inayohifadhi wiki nyingi za gemu, mwaka 2018, wa Minecraft wakafanya hivyo 2023, kila mmoja akabeba kurasa zake kwenda makao mapya. Nakala ya zamani haikufutwa. Ilibaki pale pale, na ikaendelea kujitokeza kwenye utafutaji huku mpya ikihangaika kujulikana. Kuhama ni haki, ila kunataka watu wahame pamoja, na watu hawahami pamoja kama hawajawahi kuzungumza nje ya ukurasa wa majadiliano.

Hata usipofikiria kuhama, weka nakala. MediaWiki ina ukurasa maalumu wa kusafirisha, unaotoa maandishi ya kurasa na historia zake kwenye faili la XML. Picha hazimo kwenye faili hilo, zinapakuliwa kando. Wape kazi hiyo watu wawili wanaokaa sehemu tofauti za jiji, waifanye kila mwezi, na kila mmoja ajaribu kulifungua faili la mwenzake kuhakikisha linasomeka.