Meno ya tembo yakivuka Ruvuma, ushahidi uvuke vipi?

Kiangazi kikikolea, Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, huvukwa kwa miguu sehemu nyingi, na maji yakijaa mitumbwi ipo. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, lakini anayesafirisha meno ya tembo hana haja nalo. Ng'ambo zote mbili wanaishi Wamakonde, Wamakua na Wayao, na mtu wa Newala kuwa na mjomba Mueda si jambo la kushangaza. Ndiyo maana swali ninaloulizwa zaidi na askari wa wanyamapori ninaowafundisha kuandaa majalada ya kesi huko Nanyumbu, Masasi na Liwale ni hili: mtuhumiwa ameshavuka, tufanyeje?

Nitalijibu kama mwanasheria wa jinai, kwa sababu majibu ninayoyasikia vijiweni yanaweza kuua kesi nzuri, na pengine kumuua askari.

Kwanza tukumbuke tumepoteza nini. Pori la Akiba la Selous lilikuwa na tembo karibu 39,000 mwaka 2009. Sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Mwaka 2015 mwanasayansi Samuel Wasser na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba kutoka shehena kubwa za meno zilizokamatwa sehemu mbalimbali duniani. Kwa tembo wa savana, sehemu kubwa ya meno ya miaka ile ilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani kuanzia Selous kushuka hadi Niassa. Ni kwetu huku. Ikolojia ni moja, majangili walikuwa wamoja, lakini mahakama ni za nchi mbili.

Sasa jibu. Usimfuate. Mamlaka ya askari wetu yanaishia mpakani. Akishavuka bila ridhaa ya Msumbiji, yeye mwenyewe ni mgeni asiye na kibali aliyebeba bunduki, na chochote atakachokamata huko kitampa wakili wa utetezi hoja tayari. Uhasama wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, ulioanza Oktoba 2017 na kufika hadi kijiji chetu cha Kitaya mwaka 2020, umeufanya mto huo uwe wa hatari zaidi kwa yeyote anayevuka na silaha usiku.

Mpigie simu mwenzako wa upande wa pili. Hilo linaruhusiwa na ni zuri. Polisi wana mtandao wa Interpol, na wakuu wa polisi wa nchi hizi mbili walikutana hapa Mtwara Novemba 2020 wakakubaliana kushirikiana. Kuhusu wanyamapori, nchi zetu zilitia saini hati ya makubaliano mwaka 2015, na juu yake ipo Itifaki ya SADC ya 1999 ya uhifadhi wa wanyamapori na usimamizi wa sheria. Jina la mtuhumiwa, namba ya pikipiki, picha ya gunia, vyote vinaweza kufika ng'ambo kwa dakika chache.

Tatizo huanzia hapo. Taarifa hiyo inakusaidia kujua wapi pa kutafuta. Mahakamani haitoshi. Picha uliyotumiwa kwa simu na askari wa Msumbiji haimwambii hakimu nani aliyakamata meno yale, yalihifadhiwa wapi, nani alimkabidhi nani. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba safari ya kielelezo, tangu kinakamatwa mpaka kinatolewa mahakamani, lazima ionekane. Kwa meno yaliyokamatwa nje, safari hiyo inathibitishwa kwa ombi rasmi la msaada wa kisheria, ambalo chini ya Sheria ya Kupeana Msaada katika Masuala ya Jinai ya 1991 hupitia kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shahidi aliye Pemba ya Msumbiji halazimiki kuitikia wito wa mahakama ya Mtwara. Huombwa. Ombi likianza kuandikwa kesi ikiwa imeshapangiwa tarehe ya kusikilizwa, umechelewa.

Na kama mtuhumiwa ni raia wa Msumbiji aliyemuua tembo katika Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, upande wetu, kisha akarudi kwao? Wengi hudhani ataletwa. Hataletwa. Katiba ya Msumbiji hairuhusu raia wake kukabidhiwa kwa nchi nyingine. Hapa watu hukata tamaa na kulifunga jalada, na mimi hilo huniuma, kwa sababu mlango mwingine upo wazi: Itifaki ya SADC ya 2002 kuhusu kurejesha watuhumiwa inaitaka nchi inayokataa kumtoa raia wake, ikiombwa na nchi nyingine, ilipeleke shauri hilo kwa mamlaka zake yenyewe. Kwa hiyo ushahidi wetu ndio unaotakiwa kuvuka: maganda ya risasi, ramani ya eneo la tukio, ripoti ya mzoga, maelezo ya mashahidi.

Zamani ilikuwa vigumu kushawishika na njia hiyo. Sheria ya Msumbiji ya 2014 ilimkaba aliyeua mnyama, lakini mbebaji na mnunuzi wangeweza kuishia kwenye faini. Marekebisho ya 2017 yaliziba pengo hilo, na adhabu sasa inafika miaka 16 jela. Kwetu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 pamoja na ile ya uhujumu uchumi zinafika miaka 30. Tofauti ni kubwa, lakini pande zote mbili kosa limeshavuka kiwango cha miaka minne ambacho mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unakiita uhalifu mkubwa, na hicho ndicho kinachofungua mlango wa kusaidiana.

Ushauri wangu kwa waendesha mashitaka ni kufungua kesi pale alipo mtuhumiwa na vilipo vielelezo, bila kugombea heshima ya nani ahukumu. Meno yakikamatwa Masasi, yashitakiwe huku hata kama tembo alifia Niassa: kosa la kupatikana na nyara ni kuwa nazo bila kibali.

Limebaki jambo ambalo bajeti nyingi hulisahau: lugha. Mahakama zetu zinatumia Kiswahili, na zao zinatumia Kireno. Maelezo ya askari wa kijiji yanapaswa kutafsiriwa na mtu atakayeweza kusimama na kuitetea tafsiri yake, na ripoti ya thamani ya nyara vivyo hivyo. Mtwara haikosi watu wanaokijua Kireno, wengine wamelelewa ng'ambo. Waorodheshwe na kulipwa kuanzia siku ya kwanza ya upelelezi.