Kuzika hewa ukaa ardhini: yanayosemwa na yaliyopo

Hewa ukaa ni kaboni dioksidi, gesi inayopasha dunia joto; kuna wanaoinasa kwenye moshi wa viwanda na kuizika, na watu husema mengi juu ya hilo. "Wanaimwaga kwenye pango kubwa huko chini." Pango halipo. Chukua kipande kikavu cha jiwe la mchanga, kidondoshee tone la maji: linazama palepale, na tundu huoni. Hewa ukaa nayo hukaa hivyo, katikati ya punje za mwamba. Kuanzia kina cha mita 800 hivi, mgandamizo huibana hadi inakaribia uzito wa kimiminika, na nafasi inayohitaji hupungua mno. Juu yake panatakiwa tabaka la mwamba usiopitisha kitu. Norwei imekuwa ikifanya hivyo kwenye mradi wa Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, tangu 1996. Watafiti hurusha mawimbi ya sauti kutoka juu ya maji na kuona hewa hiyo imetambaa hadi wapi.

"Itakuja kufumuka ituue." Wanaosema hivi huwa wanakumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, Agosti 1986, ambapo watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja, na siwacheki. Ila pale hewa ukaa ya volkeno ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji ya ziwa, bila mwamba wowote wa kuifunika. Mimi naogopa zaidi mabomba ya kuisafirisha. Februari 2020 bomba la hewa ukaa lilipasuka karibu na Satartia, Mississippi, Marekani, baada ya mvua kubwa kuporomosha udongo. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo ilitambaa mabondeni. Injini za magari zikazimika kwa kukosa oksijeni, na watu zaidi ya 40 wakapelekwa hospitali. Ndiyo maana njia ya bomba si jambo la kuwaachia wahandisi peke yao. Tena lazima hewa ikaushwe kwanza, maana ikikutana na maji inakuwa tindikali inayokula chuma.

"Haigeuki, inabaki gesi milele." Aisilandi waliichanganya na maji wakaisukuma kwenye basalti, mwamba wa volkeno. Katika jaribio lao, zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka 2. Maji yanayohitajika, hata hivyo, ni mengi kweli.

"Basi tuendelee kuchoma mafuta, mashine zitafagia." Hii ndiyo inayonikera. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kwa mwaka. Zinazonaswa ni makumi tu ya milioni, na sehemu kubwa ya hizo husukumwa kwenye visima vikongwe ili vitoe mafuta zaidi! Kunasa kwenyewe ndiko ghali: moshi hupitishwa kwenye kemikali ziitwazo amini, kisha amini hizo huchemshwa kwa nyuzi kama 120 za Selsiasi ili ziachie hewa. Joto hilo lazima litoke mahali.

"Kwa hiyo ni upuuzi mtupu." La, kuna saruji. Ukichoma mawe ya chokaa, hewa ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kama tanuri linatumia umeme wa jua. Kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwei, kilianza mwaka 2025 kunasa hadi tani 400,000 kwa mwaka. Meli huzipeleka Øygarden, pwani ya magharibi ya Norwei, kisha bomba la kilomita 100 huzifikisha mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Tani hizo 400,000 ni nusu hivi ya hewa ukaa ya kiwanda hicho. Nusu nyingine bado inapanda na bomba la moshi.