Utabiri wa mwezi mzima kabla ya safari ya baiskeli hauaminiki
Kila majira ya joto yanapokaribia, makundi ya waendesha baiskeli huzungushiwa picha ya skrini ya aina ileile: siku ya safari ndefu, wiki 5 mbele, nyuzi 24, jua, upepo mwanana. Chini yake pameandikwa, "Acheni makoti ya mvua nyumbani." Ujumbe huo unapotosha.

Programu ya simu inaweza kuonyesha tarehe yoyote, lakini hali ya hewa ya siku mahususi haitabiriki kwa uhakika kupita takriban wiki 2. Kosa dogo katika vipimo vya leo hukua siku hadi siku, mpaka utabiri unapoteza maana. Kwa tarehe za mbali, programu nyingi huegemea wastani wa miaka iliyopita. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wastani na utabiri huonyeshwa kwa sura moja, kwa alama ileile ya jua.

Kuhakiki ni rahisi. Andika programu inavyosema leo kuhusu tarehe hiyo, kisha itazame tena kila asubuhi. Utaona mvua ikija na kutoweka. Siku 3 kabla, namba huanza kutulia. Panga nguo na maji wakati huo, ukiangalia saa kwa saa na kila sehemu ya njia. Kumbuka pia kwamba joto linalotangazwa hupimwa kivulini, si juu ya lami.

Tafadhali msizisambaze picha hizo. Anayeziamini anaweza kuloa mlimani bila koti, na baridi ya kuteremka kwa kasi ukiwa umelowa ni hatari hata majira ya joto.