Boila Imegoma Asubuhi ya Barafu? Anza na Bomba la Nje

Boila, yaani mtambo wa gesi unaopasha nyumba na maji, ikigoma kuwaka asubuhi ya barafu hapa Uingereza, usikimbilie kudhani imekufa. Mara nyingi ni nzima kabisa. Imejifunga yenyewe kwa sababu maji inayoyatoa yamekosa njia, na njia hiyo ni bomba jembamba la plastiki lililo nje ya ukuta, ambalo wapangaji wengi hawajawahi hata kuliangalia.

Gesi ikiungua huzaa mvuke mwingi kuliko watu wanavyodhani: kilo moja ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya majumbani, hutoa zaidi ya kilo mbili za maji. Boila za zamani ziliutoa mvuke huo pamoja na moshi, na joto lake likapotea angani. Tangu Aprili 2005, England na Wales, karibu kila boila mpya ya gesi imetakiwa iwe ya aina inayoupoza mvuke, ivune lile joto kwa ajili ya redieta zinazopasha vyumba, kisha imwage maji yanayobaki. Sisi mafundi huyaita kondenseti. Yana asidi kidogo, ndiyo maana bomba lake ni la plastiki. La shaba lingelika.

Vizuri zaidi ni bomba hilo liishie ndani ya nyumba, kwenye bomba la maji machafu la sinki au la choo. Lakini nyumba nyingi zilifungiwa boila na fundi aliyetaka kumaliza mapema: akatoboa ukuta, akapitisha nje bomba la milimita 21.5, akalikunja kona mbili tatu hadi mtaroni. Usiku boila ikifanya kazi kidogo kidogo, maji hayatoki kwa nguvu. Yakifika kwenye kona au mahali bomba lilipobonyea, yanatulia na kuganda, na yanayofuata yanaganda juu yake. Alfajiri bomba limeziba. Maji yanarudi nyuma hadi ndani ya boila, moto unashindwa kuwaka, boila inajifunga.

Desemba 2010 ilikuwa Desemba yenye baridi kali kuliko zote Uingereza kwa takribani miaka mia moja, na maelfu ya nyumba zilikosa joto kwa sababu hii hii. Baada ya hapo miongozo ya ufungaji ilikazwa. Sehemu ya nje inatakiwa iwe bomba la milimita 32, fupi kadiri inavyowezekana na kwa kawaida lisizidi mita 3, lenye mteremko wa angalau milimita 45 kwa kila mita. Kwa hiyo ukinionyesha bomba jembamba, refu, lililo uchi ukutani, kabla hata sijaigusa boila nitakwambia litaganda.

Utajuaje kwamba tatizo ni hilo? Boila inapojaribu kuwaka utasikia maji yakigugumia ndani yake, kisha inazima na kuonyesha msimbo wa hitilafu. Kwa boila za kampuni ya Vaillant mara nyingi ni F28, za Ideal ni L2, za Baxi ni E133. Misimbo hii inasema tu kwamba moto umeshindwa kuwaka, basi kwanza washa jiko uone kama gesi ipo. Kama mita yako ni ya kulipia kabla, angalia salio. Nimeshaitwa usiku kwa boila isiyo na kosa lolote ila salio limeisha.

Gesi ikiwepo, na usiku umepita chini ya sifuri, toka nje ulitafute bomba. Ni la plastiki, jeupe, la kijivu au jeusi, na hutokea ukutani karibu na ilipo boila. Lifuate kwa mkono hadi mwisho wake. Barafu hupenda kukaa kwenye zile kona na pale mdomoni, juu ya chujio la mtaro. Chukua jagi la maji ya moto, yasiwe yanayochemka, maana plastiki iliyoganda hupasuka. Mimina taratibu juu ya bomba ukianzia mdomoni na kupanda kuelekea ukutani, ili barafu inayoyeyuka ipate pa kutokea. Chupa ya mpira ya maji ya moto ikilazwa kwenye kona nayo hufanya kazi, hata kitambaa kilicholowekwa maji ya moto. Ghafla kipande cha barafu kitateleza na maji yataporomoka nyuma yake. Rudi ndani ubonyeze riseti, kitufe cha kuiwasha upya, kama kitabu cha boila kinavyoelekeza. Ikigoma tena na tena, acha, mwite fundi.

Bomba likiwa juu kiasi cha kuhitaji ngazi, usipande. Ardhi yenyewe ina barafu. Nyunyizia chumvi pale ulipomwaga maji, la sivyo mtoto atateleza hapo akienda shule. Na kifuniko cha boila usikifungue kamwe: kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kwa sababu kosa dogo pale linaweza kuingiza kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, ndani ya nyumba.

Baridi ikiendelea, usizime boila usiku. Iache ifanye kazi kwa joto la chini la chumba, huku maji yanayokwenda kwenye redieta ukiyapandisha joto. Maji yanayorudi kwenye boila yakizidi nyuzi 55 hivi, mvuke haugeuki maji kwa wingi, na bombani hakuna mengi ya kuganda. Gesi italiwa zaidi, basi baridi ikipungua rudisha kama ilivyokuwa.

Dawa ya kudumu ni kulihamishia bomba ndani. Isipowezekana, liwe nene, lenye mteremko, na livikwe foamu isiyopitisha maji na inayostahimili jua. Foamu ya ndani ya nyumba ikiwekwa nje huoza, na ndege huidonoa. Waya wa umeme wa kupasha bomba upo, lakini sipendi uwe jibu la kwanza, maana unaficha ufungaji mbovu.

Kinachoniuma ni wazee wetu wanaoambiwa wanunue boila mpya. Mama mmoja alinipigia akilia: “Mwanangu, wameniambia hii imekufa.” Bomba lilikuwa limeganda futi moja tu kutoka mtaroni. Mkiambiwa hivyo siku ya barafu, ombeni kwanza kuonyeshwa bomba.

Na mpangaji asibebeshwe gharama. Kwa England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya joto na maji ya moto. Piga picha ya msimbo na ya bomba likiwa na barafu yake, mtumie kwa maandishi, na umwombe alihamishie ndani.