Je, wajua kwa nini tunadhani tunajua cherehani inavyoshona?

Cherehani umeiona tangu utoto. Hebu jipe alama, 1 hadi 7: unaelewa kiasi gani jinsi inavyoshona? Umeshajipa? Haya, eleza. Sindano yake haipiti yote kitambaani ikatokea upande wa pili kama ya mkono. Inashuka na kupanda palepale. Sasa uzi unajifunga vipi?

Zoezi hili si langu. Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilichapisha mwaka 2002. Waliwauliza watu kuhusu zipu, kitasa, helikopta na hiyo cherehani. Watu wakajipa alama, wakaandika maelezo, kisha wakajipima upya. Alama zikashuka.

Siri ya cherehani iko chini ya kitambaa, kwenye uzi wa pili uliozungushwa kwenye bobini, kigurudumu kidogo cha uzi. Tundu la sindano liko karibu na ncha, kwa hiyo sindano inashuka na uzi wake. Inapoanza kupanda, uzi unalegea na kuacha kitanzi kidogo. Kindoano kinachozunguka hukidaka, kikakizungusha bobini nzima, na uzi wa chini ukajikuta umepita ndani yake. Sindano ikipanda, fundo linakaza.

Tunachojidanganyia ni macho. Kitu kikiwa mbele yetu tunakisoma hapohapo, tukadhani tumekihifadhi kichwani. Mji mkuu wa Mongolia haukudanganyi hivyo: unaujua au huujui, na watafiti hao waliona kwenye maswali ya aina hiyo watu hawajikwezi sana. Mwaka 2006 Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, aliwapa watu mchoro wa baiskeli waukamilishe. Wapo waliozungusha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili (jaribu kukata kona na baiskeli hiyo!), na hata waendesha baiskeli walikuwamo kati ya waliokosea.

Halafu kuna fundi. Kitu kikiharibika tunampelekea, basi ujuzi wake tunauhesabu kana kwamba ni wetu. Naye fundi hajasalimika. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba mwalimu wake Sokrate, akiwasaka wenye hekima mjini Athens, aliwakuta mafundi wanazijua kweli kazi zao kuliko yeye. Ila kwa kuwa kila mmoja aliimudu yake, alijiona mjuzi wa mambo mengine makubwa pia.